Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Mmepaka Rangi Hadi Kufuli

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa nyumba zetu za umma,
Nairobi.

MINT: NYUMBA TUPU, VIJANA WASIO NA KAZI, NA AHADI ULIYOTUPA UKUMBINI

Mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima kutoka Eastlands. Natumai u mzima pamoja na jamaa yako, na kwamba nyumba mnayolala haivuji.

Nakuandikia kwa sababu ya lori lililoingia mtaani kwetu wiki jana alfajiri. Lilishusha wanaume, ngazi na madebe ya rangi. Tulitoka nje kwa furaha, tukaambiana kwamba siku imefika. Kufikia jioni, safu nzima ya nyumba zilizo tupu ilikuwa imepakwa rangi ya krimu, upande wa barabarani peke yake. Milango ilipakwa ikiwa imefungwa. Madirisha yasiyo na vioo yalizibwa kwa mbao, na mbao zenyewe zikapakwa. Hata kufuli zilipakwa, Mheshimiwa. Tundu la ufunguo halionekani tena. Kesho yake mgeni wenu akapita kwa gari, vioo vikiwa vimepandishwa, akaenda zake. Jumamosi mvua ikanyesha, na maji yakaingia kwangu kupitia ukuta uleule wa kila siku.

Mimi ni fundi bomba. Nimekula jasho la mjengo tangu ujana, kuanzia Buruburu hadi Kitengela, kwa hivyo niruhusu nikueleze jambo ambalo huenda washauri wako hawakukwambia: rangi ndiyo kazi ya mwisho. Kwanza huangaliwa paa. Paa likiacha kuvuja, hufuata mabomba na stima, halafu plasta, sakafu, milango na madirisha. Rangi huja baada ya yote hayo, siku ambayo fundi anafua ovaroli yake akingoja kulipwa. Ninyi mmeanza na rangi mkaishia hapohapo. Ni kumpaka poda mgonjwa wa kifua ili wageni wamwone mzima.

Nyumba zetu, kama unavyojua ikiwa uliwahi kuingia ndani ya moja, zimejengwa kwa safu. Ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa jirani, na paa ni moja kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa jiji, kwa mawe mazito, na zimetuvumilia. Zikikaliwa hazina neno. Zikiachwa tupu ndipo zinaanza kuoza, na nyumba ya safu haiozi peke yake. Kigae kimoja kikihama, maji hushuka polepole hadi kwenye ile mbao iliyolala juu ya ukuta, inayobeba paa lote. Ikioza, paa linainama. Likiinama, vigae vya jirani vinaachana, na jirani ndiye mimi.

Chini nako kuna yake. Kwenye kona ya bomba la sinki na la choo hukaa maji kidogo, na kazi yake ni kuzuia harufu isipande. Nyumba isipotumiwa, maji hayo hukauka. Yakishakauka, hewa ya maji taka inaingia ndani, mende wanapanda, na ukuta mwembamba wa bafu hauwazuii kuvuka kwetu. Kisha wanakuja watu wa vyuma kuukuu. Wanang'oa mfereji, wanakata bomba, wanavuta nyaya za stima ukutani. Bomba lililokatwa usiku hutiririka hadi asubuhi, nasi tunaamka tukikuta matanki yetu hayana tone. Chemba ya maji taka ya safu nzima nayo huziba, kwa sababu choo kisicho na mwenyewe hutupiwa kila kitu. Mara nyingi anayeizibua ni mimi. Sijawahi kulipwa, na si hilo linalonileta hapa, ingawa sitakataa.

Haya yote ulikwisha kuyasikia. Ulikuja ukumbini mwenyewe, ukaketishwa kwenye kiti kilichovikwa kitambaa, ukanywa soda, ukatusikiliza. Uliposimama ukasema vijana wasio na kazi wa mtaa huu watafundishwa ufundi kwa kutengeneza nyumba hizi hizi. Watapata posho ya chakula na nauli. Watafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Nyumba zikishapona, wao ndio watakaoajiriwa kuzitunza, ili kigae kikihama kirudishwe siku hiyohiyo. Tulikupigia makofi hadi viganja vikawasha. Ulisema ni jambo la miezi mitatu. Hukutuambia, na sisi kwa adabu hatukukuuliza, miezi ya kalenda gani.

Vijana wakaandikisha majina kwenye daftari la mzee wa mtaa. Wakatoa nakala za vitambulisho kwa pesa zao wenyewe, kwa yule mwenye mashine ya fotokopi karibu na steji, ambaye nadhani ndiye mtu pekee aliyefaidika na mradi huu mpaka leo. Katika daftari lile yumo msichana anayejua kufunga soketi kuliko wanaume wengi wanaojiita mafundi wa stima. Yumo kijana aliyesomea ujenzi chuoni hadi akapata diploma, na hajawahi kulipwa kwa kujenga hata kibanda cha kuku. Wamo waliokuwa kwenye Kazi Mtaani, ule mradi wa serikali wa vibarua vya vijana.

Hiyo Kazi Mtaani sitaidharau. Ilipoanzishwa mwaka 2020 wakati wa korona, vijana walifyeka nyasi, wakazibua mitaro, na majumbani kukapatikana za unga. Lakini ilipokwisha, kijana alibaki na gambuti na fyekeo. Hakuna aliyemuuliza: sasa wewe ni fundi wa nini? Anarudi kijiweni, polisi wakipita anakimbia pamoja na wengine, na akikamatwa anaitwa mzururaji. Ndiyo maana ahadi yako ilitushika. Kwa mara ya kwanza tulisikia kiongozi akitaja ujuzi kabla ya kutaja posho.

Kufundisha kazi ya mikono si semina ya hotelini, Mheshimiwa. Chuoni mwanafunzi hujenga ukuta wa mazoezi, mwalimu anaukagua, kisha unabomolewa ili mawe yatumiwe na darasa linalofuata. Hakuna mtu anayelala nyuma ya ukuta ule, kwa hivyo ukipinda hakuna anayelia. Nyumba kuukuu ni darasa la aina nyingine. Pembe hazijanyooka. Bomba la chuma lilifungwa na fundi aliyekwisha kufa, nawe lazima ujue jinsi ya kuliunganisha na la plastiki la siku hizi bila kulivunja ndani ya ukuta. Plasta ukiigonga unasikia mahali ilipoachana na jiwe. Kijana akishaitengeneza nyumba ya namna hiyo kutoka kigae hadi chemba, mjengo gani utamshinda? Sasa hivi akienda mjengoni anabeba mawe na simiti kwa shilingi 600 au 700 kwa siku, kama ana bahati ya kuchaguliwa pale langoni, na jioni harudi na ujuzi wowote.

Wala sisemi wapewe nyundo wapande juu kesho. Stima isimamiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Penye karatasi za asbesto pasiguswe na mtoto wa mtu, kwa maana vumbi lake huingia kwenye mapafu likakaa. Hizo waachiwe wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Mafundi wazee wa kufundisha tupo. Wengine magoti yametuishia, ngazi hatupandi tena, lakini macho na mdomo vinafanya kazi.

Si jambo geni duniani, na wewe umesafiri kunizidi. Mwaka 1978, Harlem Mashariki huko New York, mwalimu Dorothy Stoneman aliwauliza vijana wangefanya nini kuinua mtaa wao kama watu wazima wangewaunga mkono. Wakasema wangetengeneza majumba yaliyotelekezwa. Walianza na jengo moja, na kutokana na hilo likakua shirika la YouthBuild, ambalo leo mfano wake umefuatwa katika nchi nyingi. Nilielezwa habari hizo na kijana yule mwenye diploma, kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Nikafikiri, kama yeye amezipata, ofisi yenye intaneti ya bure haikosi kuzijua.

Kuhusu pesa, sitakaa sana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza nyingine 1.5. Ndugu yangu ni mlinzi, anakatwa kila mwezi, na analala kwenye chumba cha mabati. Nyumba mpya zijengwe, sina ugomvi nazo. Lakini mwenye nyumba ishirini hujenga ya ishirini na moja huku zile ishirini zinaanguka? Vilevile asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Waliokuja na lori la rangi nilizungumza nao. Mmoja aliniambia aliokotwa steji asubuhi hiyo, na hajui hata jina la aliyempa kazi. Vijana wetu, walio kwenye daftari, walisimama ng'ambo ya barabara mikono ikiwa mifukoni wakitazama ukuta wao ukipakwa na wageni.

Kwa nini nyumba zimekaa tupu? Mtaani kuna maelezo mengi. Wapo wanaosema wapangaji walifariki na watoto wanagombania kadi ya upangaji. Wapo wanaosema kuna kesi. Mimi nina shaka yangu, na kwa kuwa barua ni ya wazi nitaisema waziwazi: nyumba inayooza ni rahisi kuibomoa. Ikishaanguka yenyewe, nani atauliza kiwanja kimepewa nani na ghorofa ni la nani? Nisahihishe ikiwa sivyo. Lakini nisahihishe kwa kufungua milango, usinisahihishe kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipofagia Mathare na Mukuru, watu walilala madarasani na watoto wao. Nyumba hizi zilikuwapo, zikiwa na kuta za mawe, zimefungwa. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Sikumbuki ikisema isipokuwa zile ambazo funguo zake zimewekwa kwenye droo.

Sasa nije kwangu, ingawa sikutaka. Kitanda tumekihamishia sebuleni kwa sababu ukuta wa chumbani umelowa hadi mtu akiuegemea shati linabaki na chokaa. Mke wangu anakohoa. Zahanati inampa dawa, tunarudi kwenye ukuta uleule. Kodi nalipa, na nikichelewa barua ya onyo inafika upesi ajabu. Hapo ofisi huwa inaujua mlango wangu. Barua ninazoandika mimi hupigwa muhuri wa kupokelewa, muhuri mzuri wa wino wa zambarau, na safari yake inaishia hapo. Na mwanangu, ambaye jina lake liko ukurasa wa kwanza wa daftari la mzee wa mtaa, amepata ajenti anayemwambia kuna kazi ya ulinzi huko Ghuba. Anataka niuze kifaa changu cha kuchonga nyuzi za bomba ili apate ada ya ajenti. Ni kifaa nilichokuwa nimekipangusa na kukipaka mafuta kwa ajili ya mafunzo yako. Niambie, Mheshimiwa, nimjibu nini? Nimwambie asubiri? Asubiri nini? Nimwambie mkubwa mmoja alituahidi? Yeye alikuwa ukumbini, alikusikia kwa masikio yake.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai marefu: posho, mtihani, zabuni, mapipa ya kukinga maji yanayovuja wakati tunangoja, ukaguzi wa chemba zote, na yule aliyeidhinisha rangi aeleze bei yake. Nimeyatazama nikaona yakifika mezani kwako yataundiwa kamati. Kwa hivyo nayaacha yote, nabaki na moja.

Tupe funguo za nyumba moja.

Moja tu, ile iliyoshikamana na yangu. Usilete posho kwanza, usilete bango, usilete fulana zenye picha yako. Mwiko, pimamaji na msumeno tunavyo. Vigae tutavipata kwenye zile zilizokwisha anguka. Mbao tutazungumza na watu wa soko la Gikomba. Simiti ukitaka kutusaidia hatukatai, usipotaka tutachanga. Mpe yule msichana na wenzake watano sita nyumba hiyo, mafundi wazee tuwasimamie, na mkaguzi wako aje wakati wowote apendao, hata bila taarifa. Ikiwa tutaiharibu, itakuwa tumeharibu kitu gani ambacho hamjakiharibu kwa kukifungia? Na ikipona, mpangaji aingie, na kodi yake inunue vifaa vya nyumba ya pili.

Tupe funguo, Mheshimiwa. Kama funguo zilipotea, niambie hivyo kwa maandishi, nami nitalikata lile kufuli mbele ya mzee wa mtaa na askari, tutie sahihi sote. Kama ziko, mzee wa mtaa hupatikana kwake kila siku hadi saa kumi na mbili jioni. Umtume mtu yeyote, hata kwa bodaboda. Hana haja ya kuja na wapiga picha.

Wako mtiifu, mpaka sasa,

Fundi bomba na mpangaji,
Eastlands, Nairobi.