YAH: Malalamiko kuhusu vipande vya mpingo na briari vya kuchongea viko

Arusha

Kwa Meneja wa Mauzo,

Tunarejea ankara ya vipande 12 tulivyonunua kwenu: 6 vya mpingo, 2 vya mti wa loliondo na 4 vya briari (uvimbe wa mzizi wa kichaka) vilivyokwisha kutobolewa, kila kimoja na mdomo wake wa eboniti (mpira mgumu). Loliondo ni safi, haina neno. Tunalalamikia hivyo 10 vingine.

Tangazo lenu linasema mpingo ni "mkavu, tayari kuchongwa". Umefika umezamishwa kwenye nta pande zote sita. Ubao unaokaushwa hupakwa nta vichwani, kwa kuwa maji hutokea huko haraka zaidi na vichwa hupasuka kabla katikati hapajakauka. Ukiziba pande zote unayafungia maji ndani, na siku mchongaji anapokwangua nta ndipo ubao unaanza kukauka, tena kwa pupa. Tulikata sampuli ya gramu 50 kutoka katikati ya kipande kimoja, tukaiweka kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukaacha kushuka. Zilibaki gramu 41, yaani unyevu wa asilimia 22 ya uzito mkavu. Kwa kiko tunataka asilimia 8 hadi 12. Ukilitoboa bakuli, yaani shimo la tumbaku, kwenye mti wenye maji kiasi hicho, ufa huanzia ukingoni na kushuka chini hata kabla tumbaku haijawashwa.

Vipande viwili vina moyo wa mti, yaani kile kiini chembamba cha katikati ya shina. Hivyo havina dawa: mti husinyaa zaidi kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kuelekea moyoni, kwa hiyo lazima upasuke. Mpasuaji wa mpingo analijua hilo, na aliyepanga bei analijua pia.

Lakini kilichotuudhi hasa ni kipande chenye mng'ao wa ajabu ubavuni. Tulikisugua kwa pamba yenye asetoni. Mpingo wenyewe hutoa rangi ukiguswa na asetoni, hilo si kosa. Ila hapa pamba ilinasa, ikatoka na uji mweusi wa gundi na vumbi la mbao, na chini yake ukaonekana ufa wenye urefu wa milimita 40. Gundi ya aina hiyo hulainika kwa joto na kutoa mvuke unaochoma macho. Kwenye kinara ungeweza kusameheka. Kwenye chombo kinachowashwa moto ndani na kuwekwa mdomoni, kuficha ufa namna hiyo ni hatari.

Sasa briari. Vizizi vyenyewe ni vizuri. Kasoro iko kwenye utoboaji. Bakuli lina kipenyo cha milimita 20 na kina cha 38, sawa. Njia ya moshi ya milimita 4 ilitakiwa itokee chini kabisa ya bakuli, lakini katika vipande vitatu imetokea milimita 6 juu ya sakafu. Tumbaku iliyo chini ya tundu haiungui. Inakaa pale ikiwa mbichi, inanyonya maji na kuutia moshi uchungu. Kuna wanaojaza pengo hilo kwa majivu yaliyokandwa na maji, lakini hiyo ni tiba ya kiko kikuukuu, si bidhaa mpya. Katika kipande cha nne njia imepinda kiasi kwamba waya wa kusafishia unagonga ukuta na haufiki kwenye bakuli. Juu ya hayo, ulimi wa mdomo wa eboniti, yaani ncha inayochomekwa kwenye kiko, ni mfupi kuliko tundu lake kwa milimita 3 katika vyote vinne. Maji ya moshi hutuama kwenye nafasi hiyo, na kiko kikaanza kukoroma.

Tunaomba mturudishie fedha za mpingo wote, na mtubadilishie briari kwa vipande visivyotobolewa, kazi ya keekee tutaifanya wenyewe. Tangazo la mpingo liandikwe "mbichi, umepakwa nta" na lionyeshe mwezi ulipopasuliwa, ili mnunuzi ajue ataungoja kwa muda gani. Kipande chenye gundi tumekihifadhi pamoja na ile pamba. Gharama ya kuvirudisha vipande ni juu yenu. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, la sivyo tutalipeleka suala hili kwenye mamlaka ya ushindani wa biashara.

Wenu,
Wachongaji wa viko, Arusha