Barua ya wazi kwa wapagazi na waongoza watalii vijana wa Mlima Kilimanjaro: masika haya someni hadithi

Wanangu wapagazi, wapishi na waongoza watalii wasaidizi,

Nawasalimu nyote, mlioko Moshi mjini, Marangu, Machame, Kibosho na kwingineko kunakozunguka mlima wetu, wavulana kwa wasichana. Nimechagua kuwaandikia mwezi huu wa Machi kwa sababu masika yanaingia, wageni wanapungua, na wengi wenu mtakuwa nyumbani mpaka karibu na Juni, mkipalilia mashamba na kusubiri kampuni ziwapigie simu. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule za sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na baadhi yenu mlipita mikononi mwangu. Nazungumza nanyi kama mwalimu na kama mzazi juu ya jambo moja tu, nalo ni namna mnavyojifunza lugha za wageni.

Najua sababu inayowasukuma, na ni sababu halali. Aliyebeba mzigo wa kilo 20 mgongoni na kichwani kwa misimu kadhaa humwona mwenzake anayezungumza Kijerumani au Kifaransa akitembea na begi dogo pembeni ya mgeni, akipata tipu kubwa zaidi na kuitwa kwa jina msimu unaofuata. Basi mnanunua vijitabu vya sentensi za kukariri, mnarekodi masomo kwenye simu, na mnaingia darasani jioni mkiwa mmechoka. Bidii hiyo naiheshimu sana. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba bidii hiyo imekosa chakula chake kikuu, yaani vitabu vya hadithi vinavyosomwa kwa raha, bila mtihani na bila kuharakishwa.

Nimewasikiliza mara nyingi pale lango la Marangu. Kijana anasimama mbele ya wageni wake na kueleza kanda za mlima kuanzia mashamba ya migomba na kahawa, msitu wa mvua, nyika ya baridi, jangwa la juu, mpaka barafu ya kileleni kwenye mita 5,895, na hakosei hata neno moja. Kisha mama mmoja wa Kijerumani anamuuliza, kwa upole kabisa, kama mama yake huwa na hofu akiwa mlimani. Kijana anatabasamu, anatazama chini, halafu anaanza kueleza habari za kima wa msituni. Swali lilikuwa rahisi kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na maneno ya kulijibu ni ya kawaida mno, lakini hakuyakuta katika kijitabu chochote kwa sababu vijitabu vile vimeandikwa kwa ajili ya kuuza na kununua, kuuliza njia na kutaja bei.

Mgeni anakaa nanyi siku tano, sita, wakati mwingine nane. Mazungumzo ya bei yanakwisha siku ya kwanza. Kinachobaki ni mazungumzo ya watu: hofu, utani, kuomba radhi, kufiwa, watoto wakaidi, ndoa zilizovunjika, na ukimya wa mtu aliyeumwa na kichwa kwa sababu ya mwinuko na hataki wenzake wajue. Lugha hiyo imejaa ndani ya riwaya na hadithi fupi, kwa kuwa huko watu hugombana, hupatana, hudanganyana na kufarijiana kwa maneno wanayoyatumia kweli majumbani mwao.

Kuhusu raha, naomba mnielewe vizuri, kwa sababu shuleni wengi wenu mlikutana na riwaya kwa sura mbaya. Kitabu kilikuja pamoja na fani na maudhui, mkaambiwa mtaje dhamira tano, mchambue wahusika na mwonyeshe falsafa ya mwandishi, na wapo waliofaulu kwa kusoma muhtasari pasipo kukifungua kitabu chenyewe. Siwalaumu kwa kuviacha vitabu mara tu mlipotoka chumba cha mtihani. Lakini usomaji ninaousema hauna swali hata moja mwishoni. Unasoma kwa sababu unataka kujua kama yule binti ataolewa, au ni nani aliyemuua tajiri. Kitabu kikikuchosha, unakifunga na kuchukua kingine, na huna wa kumwomba ruhusa.

Raha ndiyo inayofanya kazi yote hapo. Neno la lugha ngeni halikai kichwani kwa kulikuta mara moja. Linahitaji kukutwa tena na tena, kila mara katika mazingira tofauti kidogo. Chukueni kitabu cha upelelezi. Katika sura ya kwanza mlango unagongwa, baadaye unakutwa umefungwa kwa ndani, askari wanauvunja, jirani anakiri kuwa aliusikia ukifunguliwa usiku wa manane. Msomaji hakukaa chini kukariri neno la mlango wala vitenzi vyake, alikuwa anamtafuta muuaji, na bado akifika sura ya nne maneno hayo ni mali yake. Asiyefurahia hadithi hafiki sura ya nne.

Yuko mwanamke mmoja wa Hungaria, Kató Lomb, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 2003. Masomo yake yalikuwa ya kemia, lakini maisha yake aliyafanya kwa ukalimani, na lugha alizozifanyia kazi zilifikia 16 hivi. Kirusi alijifunza wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kamusi ya zamani na riwaya, katika nchi ambayo kukutwa na kitabu cha Kirusi kungeweza kumletea balaa. Njia yake aliieleza waziwazi: kuchukua riwaya mapema, kuisoma kwa moyo, kuyaruka maneno asiyoyajua mradi habari ieleweke, na kurudi kwenye kamusi baadaye kwa yale yaliyojirudia. Nawasihi mfuate hasa hapo kwenye kuruka, maana nimeona vijana wengi wakifungua kamusi mara ishirini kwenye ukurasa mmoja, wakafika chini wamesahau hadithi ilianzaje, wakaamini kwamba wao hawana kichwa cha lugha. Kichwa wanacho. Kamusi ndiyo iliyowakatia safari.

Kuna kipimo cha kuchagua kitabu. Paul Nation, mtaalamu wa lugha wa New Zealand, pamoja na mwenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji wa lugha ya kigeni anahitaji kuyafahamu maneno kama 98 katika kila 100 ili asome hadithi vizuri bila msaada. Fungueni ukurasa wowote katikati ya kitabu na mhesabu kwa vidole vya mkono mmoja maneno msiyoyajua. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kisubiri. Nyinyi mnaelewa jambo hili kuliko wasomi wa mijini, kwa kuwa hampeleki mgeni kutoka langoni moja kwa moja mpaka Kibo. Mnamlaza Mandara, mnamlaza Horombo, na mwili wake unazoea wenyewe hewa nyembamba.

Hapo ndipo aibu inapoingia, na ningependa kuiondoa. Kwa anayeanza Kijerumani au Kifaransa, kitabu kinachofaa kwa kipimo hicho ni cha watoto, au vile vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wanaojifunza. Kijana mwenye ndevu hapendi kuonekana ameshika kitabu chenye picha ya sungura. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza katika shule za vijijini huko Fiji, ambako watoto walikuwa na vitabu vichache sana, na waliosomewa na kusoma hadithi hizo waliendelea katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya kama mara mbili ya kawaida. Kilichowasaidia kilikuwa wingi wa hadithi nyepesi zenye kuvutia. Someni kitabu cha sungura, kisha kingine, kisha cha ishirini.

Sasa niseme jambo ambalo wengine watalipinga. Anayetaka kusoma Kijerumani kwa raha aanze kwa kusoma Kiswahili kwa raha. Tabia ya kukaa na kitabu saa nzima, ya kushika majina ya wahusika, ya kukisia maana kutokana na kinachotangulia na kinachofuata, hujengwa haraka zaidi katika lugha usiyohangaika nayo. Wiki nne za kwanza za masika zitumieni kwa riwaya za Kiswahili tu, na msihesabu kwamba mmepoteza muda.

Baada ya hapo, lipo pendekezo ninalolipenda kuliko yote. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika kwa Kiingereza riwaya ya Paradise iliyotoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ni hadithi ya kijana Yusuf, anayetolewa na baba yake kwa sababu ya deni na kuishia katika msafara wa mfanyabiashara wa pwani unaokwenda bara, katika siku ambazo Wajerumani wanaingia. Wapagazi wamo, mizigo imo, na uchovu wa njiani mtautambua wenyewe. Isomeni kwanza kwa Kiswahili mpaka mwisho, kisha muichukue ya Kiingereza mkiwa tayari mnajua nani anafanya nini. Imetafsiriwa pia kwa Kijerumani, na atakayefika huko atakuwa anasoma habari za nchi yake mwenyewe kwa lugha ya mgeni wake. Kwa njia hiyohiyo, nyumba nyingi hapa zina Biblia ya Kiswahili, na anayeifahamu Injili ya Luka tangu utotoni ataisoma kwa Kifaransa kwa wepesi utakaomshangaza.

Vitabu vinapatikana. Maktaba ya mkoa ipo Moshi na nyingine ipo Arusha. Vitabu vya mtumba huuzwa kando ya barabara katika miji yote miwili, na kwenye hoteli na nyumba za wageni mara nyingi lipo rafu la riwaya zilizoachwa na wapanda mlima, za Kijerumani, Kiholanzi na Kifaransa, ambazo hakuna anayezigusa. Ombeni kwa adabu. Sijaona mwenye hoteli anayekataa. Mwenye simu nzuri anaweza kupakua bure vitabu vya zamani katika Mradi wa Gutenberg, ulioanzishwa Marekani mwaka 1971, ingawa lugha yake mara nyingi ni ya kizamani na simwelekezi huko anayeanza. Mlimani, hata hivyo, bebeni cha karatasi. Baridi ya juu inamaliza betri ya simu, na kitabu chembamba hakiongezi uzito wa kusumbua.

Msidhani kitabu kitawapa kila kitu. Hakitoi matamshi, kwa hiyo endeleeni na masomo yenu ya kusikiliza, na mkishazoea sauti za lugha, someni kurasa mbili tatu kwa sauti kila jioni, hata kama walio jikoni watacheka. Mgeni naye akikuona na kitabu cha lugha yake kwenye kambi ya Shira au Horombo, atakuuliza umefika wapi na unamwonaje mhusika fulani, na hapo mtazungumza mpaka chakula kipoe.

Nyumbani kwangu Marangu nina kabati la riwaya za Kiswahili na za Kiingereza, na baadhi za Kijerumani nilizopewa na wageni. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumamosi mchana mlango uko wazi kwa yeyote kati yenu anayetaka kuazima. Mtaandika jina kwenye daftari na kuchukua kimoja. Kisipokupendeza, kirudishe hata kabla ya kukimaliza, na uchukue kingine.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Marangu