Risala ya Jumuiya ya Watumia Maji kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, kama tulivyozoeshwa.

Jumuiya yetu iliundwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ili kulinda kijito chetu, kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru na kuingia Mto Ngerengere kabla haujafika Bwawa la Mindu. Mafanikio ni makubwa: tuna mhuri, akaunti ya benki na ofisi ya chumba kimoja, na miti tuliyopanda kandokando ya maji, ile iliyosalimika na mbuzi, inaendelea vizuri.

Ndugu Mgeni Rasmi, kinachotunyima usingizi ni dawa za magugu. Mahindi yamelimwa hadi ukingoni, na dawa hupigwa mvua zinapoanza, siku zile zile ambazo maji hukimbia juu ya udongo mtupu. Atrazini, mojawapo ya dawa hizo, haishikwi sana na udongo, hivyo huyeyuka na kushuka na maji. Glaifosati, dawa nyingine, hushikamana na udongo, hivyo husafiri na tope. Isitoshe, mkulima huchanganyia dawa kijitoni, maana ndiko maji yaliko, na jioni huosha bomba lake la kupulizia papo hapo, hatua chache juu ya mama anayechota maji ya kupikia. Kuyachemsha maji hayo huua vijidudu, lakini hakuondoi atrazini. Wenzetu wa mjini Morogoro hunywa maji ya Mindu, na Ngerengere huishia Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea. Kwa hiyo hatujiombei peke yetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo tulizipima wenyewe kwa kamba ya katani yenye mafundo, tukachomeka vigingi vya miti; msimu wa pili vilikuwa vimeshageuka kuni. Leo tukimwambia mtu amevuka mpaka, anatuuliza, "Mpaka upi?", nasi hatuna cha kumwonyesha.

Ombi letu ni moja: vigingi vya zege na mpima wa kuvisimika. Si ombi geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi vigingi ndani ya miezi mitatu. Wa mwaka jana alituomba radhi kwa niaba ya mwenzake, kisha akaahidi vingi zaidi. Mashimo tuliyochimba kwa kuamini maneno hayo sasa yamejaa taka. Mchanga na kokoto tumekwisha kusomba, na nyasi za kunasa tope tutapanda wenyewe. Kinachokosekana ni saruji na huyo mpima.

Kwa heshima kubwa, Ndugu Mgeni Rasmi, utakaposimama kutujibu, tunaomba uitaje tarehe. Katibu amekwisha kufungua daftari.

Naomba kuwasilisha.