Somo, usimkatie mtoto pesa kwa sababu ya kura

Mombasa, Ijumaa baada ya Alasiri

Kwako somo yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kile kiyoyozi cha kazini kwenu hakijakurudishia kifua. Sisi huku alhamdulillah. Mama yako anakula vizuri, analala vizuri, goti tu ndilo linalomsumbua akipanda ngazi. Jana aliniita akanipa mahamri sita nikufikishie, kana kwamba Doha ni Likoni, navuka feri nakukabidhi. Tumeyala na mwanao kwa niaba yako, tukakuombea dua.

Ningekupigia simu, lakini haya si ya simu. Kwenye simu utanikata maneno, nami nitapandisha sauti, na mama yako yuko chumba cha pili anasikia kila kitu. Basi nimekaa kibarazani na daftari. Jirani yenu wa ghorofani anarudi huko Jumatatu, nitampa bahasha mkononi.

Ni habari ya mwanao. Ile sauti uliyomtumia nimeisikia, amenisikilizisha mwenyewe: kama mwezi huu hautaisha ameshajiandikisha kura, asingojee pesa ya nauli wala ya simu. Somo, nakuomba uirudishe kauli hiyo. Natanguliza ombi kabla ya maelezo, ili hata ukiikunja barua hapa ukaingia kazini, ujue ninachotaka.

Unajua mimi si mtu wa kusema kura haina maana. Agosti 9, 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi, nimetoka nyumbani usiku wa manane, na saa kumi na mbili asubuhi tulipofungua mlango watu walikuwa wamejipanga mpaka nje ya geti la shule. Nakumbuka walivyokuwa wakihesabu karatasi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha wananitazama: ya gavana iko wapi? Ilikuwa imetangazwa jana yake tu kwamba za gavana zimechapwa makosa, sisi na Kakamega, na wengi hawakuwa na habari. Bibi mmoja aliyeletwa kwa bodaboda aliniambia, “Mwanangu, mimi nimekuja kwa hiyo moja.” Nikamwambia atarudi. Hakurudi. Goti kama la mama yako.

Tuliporudi Agosti 29 ilikuwa msiba. Darasa lilelile, makarani walewale, sanduku moja, na dakika thelathini zinapita hajaingia mtu. Gavana alishinda kwa kupata kura kama 119,000, na katika daftari la wapiga kura la Mombasa tuko zaidi ya laki sita. Hesabu mwenyewe: waliomchagua hawafiki hata mmoja katika kila watano. Simlaumu yeye, alishinda kwa haki yake, nawalaumu waliolala. Mwaka 2024 alipopiga marufuku mugoka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kuingia mjini, mtaa mzima ulikuwa na maoni. Kina mama wakipiga vigelegele, wauzaji wakilaani, na siku chache baadaye mahakama ya Embu ikasimamisha amri ile, kelele zikaanza upya. Kila aliyepita hapa barazani nilimuuliza, Agosti 29 ulikuwa wapi? Wengi hawakukumbuka hata kwamba kulikuwa na siku hiyo.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kila mtu ahimizwe kwenda kupiga kura, nasema ndiyo, kila mtu, mpaka yule mzee wa msikitini anayesema siasa ni uchafu. Sisemi uongo nikikwambia natamani mwanao awe wa kwanza. Lakini kumhimiza mtu na kumfungia riziki ni vitu viwili.

Na wewe, somo, umesahau Oktoba 26, 2017? Mahakama ya Juu ilikuwa imeufuta uchaguzi wa urais wa Agosti, tukaambiwa turudi debeni. Mimi nilikuwa nimevaa buibui, nakugongea mlango, ukanijibu kutoka ndani huendi. Ulikuwa na sababu zako na ulizieleza, tena kwa sauti. Nchi nzima siku hiyo hawakufika wanne katika kila kumi. Mimi nilikwenda, wewe ukabaki, na jioni tukala wali pamoja. Nani alikukatia pesa wewe? Marehemu baba yako aliudhika, nakumbuka, lakini hakusema neno. Alikuja asubuhi yake akakuuliza, “Nieleze.” Basi.

Mwanao naye ana hoja. Nimebishana naye jikoni wiki nzima, tukipika, tukiosha vyombo, mpaka mama yako akatwambia tuzime redio. Anasema hivi: Mama mdogo, nyinyi mmepiga kura tangu sijazaliwa, bei ya unga iko wapi? Lakini Juni 2024 vijana walishuka barabarani, bunge likapitisha mswada wa fedha, ule wa kuongeza kodi, tarehe 25, na tarehe 26 rais akasema hausaini. Siku moja! Nani alipiga kura hapo?

Nikamwambia, aliyepiga kura ni bunge. Wabunge 195 walisema ndiyo, 106 wakasema la, na hao walio wengi walitoka ndani ya masanduku kama lile nililokuwa nikililinda mimi. Kama wale milioni karibu 8 waliojiandikisha 2022 wasijitokeze wangetokea, pengine hesabu ya ndiyo na la ingekuwa nyingine, na wale watoto wa watu waliouawa kwa risasi siku ile wangekuwa makwao. Urais wenyewe uliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 233,000. Nilidhani nimemshika. Akanyamaza kidogo, akaendelea kumenya kitunguu, kisha akaniuliza, “Na walipokuja kuwaomba kura, waliwaambia wataupitisha?”

Somo, sikuwa na jibu, na sijalipata. Mtoto aliyewaona wenzake wakilia moshi wa vitoa machozi Moi Avenue siwezi kumwambia hakufanya kitu, kwamba kazi yake ni kungoja Agosti 2027. Ninachoweza kumwambia ni kwamba barabara ilizuia, na kuzuia ni kazi kubwa, ila barabara haiandiki bajeti. Hili alilikubali nusu. Nusu nyingine nitaipata, inshallah, lakini si kwa vitisho vya pesa.

Nikuibie kidogo habari ya Mwalimu. Alipita juzi akatukuta tunabishana, akakaa, akaomba kahawa, kisha akatoa yake: mnasumbukia nini, asiyejua asisukumwe, kura ya mjinga inaiua kura ya mwenye akili. Mtu anachagua kwa leso na mia mbili, afadhali alale. Mwanao alicheka kwa furaha, kapata wakili! Mimi nilipandwa na hasira, na unajua sipandwi upesi. Babu yangu alikuwa hamali bandarini. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura mara ya kwanza kujichagulia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, kulikuwa na masharti ya elimu, mshahara, mali, na mwenye sifa nyingi alipewa kura hadi tatu. Babu hakupewa hata moja. Ronald Ngala akachaguliwa kwa upande wetu wa Pwani, na babu akaimba barabarani kwa ushindi asioruhusiwa kuutilia mkono. Alijua bei ya kila gunia lililopita Kilindini, alijua meli ipi ya nani na mshahara wa nani umeliwa, lakini karatasi za shule hakuwa nazo. Nikamuuliza Mwalimu, ni nani utakayemweka mlangoni kupima nani anajua? Wewe?

Akasema nimempotosha. Labda. Ile ya leso na mia mbili ni kweli, inaniuma mimi pia, nimewaona kwa macho yangu kituoni wakinong'ona kwamba wameshalipwa. Lakini wanaonunuliwa ni rahisi kuwanunua kwa sababu ni wachache wanaokwenda. Wadi ikitoka yote, huyo mgombea mia mbili hizo atazitoa wapi? Na kwenye wadi ndiko tunakoanguka. Tunahemea urais miaka mitano, halafu tukifika kwenye karatasi ya MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, tunaweka alama kama tunafukuza nzi. Basari ya mwanao iliyokwama ni ya nani? Mtaro unaofurika mbele ya nyumba yenu kila Mei unaulizwa bunge la kaunti, si Ikulu.

Nimetoka njiani. Nirudi.

Juzi usiku, baada ya Isha, umeme umekatika, tumekaa hapa nje. Nikamuuliza taratibu, tuache siasa, nitakusindikiza mwenyewe siku ya kujiandikisha, tutakunywa juisi ya miwa tukirudi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Watanidai kitambulisho.” Nikasema ndiyo, kitambulisho au pasipoti. Akasema, “Sina.”

Somo, mtoto ana miaka kumi na tisa hana kitambulisho, na mimi na wewe hatukujua. Alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa alete cha mama, akasema mama yuko Qatar, akaambiwa basi arudi na mama. Mara ya pili alibeba nakala ya chako aliyoikuta kwenye faili la shule. Karani akalisoma jina lake lote, mpaka la yule babu wa babu aliyetoka Hadhramaut, huko Yemen, akalirudia, kisha akamuuliza mbele ya foleni, “Wewe hasa ni mtu wa wapi?” Akamtaka alete karatasi za babu mzaa mama na za babu mzaa baba. Mtoto aliyezaliwa hapa hapa, dakika kumi kwa tuktuk. Wenzake wawili wa darasani walikuwa nyuma yake, wenye majina mafupi, walimaliza wakatoka. Yeye alitoka mlango wa pembeni.

Hakumwambia mtu. Alikwenda maskani akasikia wenzake wanasema kura ni upuzi, akaona hilo ni neno la heshima la kusema kuliko “nimekataliwa”. Hoja zake ni za kweli, sisemi amezibuni, lakini chini yake kulikuwa na aibu hii. Na kila ulipomtumia sauti ya kujiandikisha ulikuwa unamrudisha kwenye ile foleni bila kujua. Nami nilikuwa nikimsomea hesabu za wabunge jikoni! Nililia, somo. Nilimwambia kitunguu, na usiku ule hakukuwa na kitunguu.

Nafikiria ni wangapi mtaani. Tangu tume ya uchaguzi ianze tena kuandikisha, mwishoni mwa Septemba 2025, tunawakemea vijana kuwa wavivu, wanataka simu tu, hawajali nchi. Hakuna aliyewauliza kama wana hicho kitambulisho. Mama mmoja wa huku nyuma ameniambia mabinti zake wawili ni hivyo hivyo. Sasa nimeanza kuandika majina kwenye daftari hili hili, kurasa za nyuma, nimefika kumi na moja na bado sijavuka barabara. Sijui nitawafanyia nini wote hao, lakini...

Basi haja yangu. Kwenye lile sanduku la mvule la mama yako, chini ya mashuka ya harusi, anasema kuna kipande, kile kitambulisho cha zamani, cha baba yako na cheti chako cha kuzaliwa. Ufunguo anasema ulikwenda nao. Mwanao anataka kuvunja kufuli, mama yako kasema atakayeligusa hamtambui. Nitumie ufunguo, au neno la kumridhisha mama. Nitumie pia nakala ya pasipoti yako na barua fupi uliyoitia sahihi kwamba huyu ni mwanao. Karatasi za upande wa baba yake nitazitafuta mimi, nitakwenda Malindi kwa shangazi zake, ingawa unajua tulivyoachana nao. Zikikamilika nitakwenda naye mwenyewe, na nitasimama naye kwenye foleni mpaka wamjibu.

Sasa nijibu, na usijibu kwa sauti ya sekunde kumi. Ufunguo uko nao kweli, au uliuacha kwa mama wa Kisauni? Kile kipande kilikuwa na picha, au kilishaliwa na mchwa? Utamtumia mtoto pesa yake ya mwezi huu? Utamwambia kwamba unajua, au unataka nijifanye sikukwambia? Yeye hakunikataza, ila hakuniruhusu. Na wewe mwenyewe huko, nauliza kwa wema: 2022 Qatar ilikuwa katika zile nchi 12 za nje zilizopewa vituo, mkapewa karatasi ya rais peke yake. Ulikwenda? Kila ninapokuuliza unanitumia picha za jua likizama baharini. Likizo yako bado ni Desemba? Nikuwekee achari ya ndimu au ya embe?

Mama yako ananiita. Anasema niandike kwamba goti ni zima kabisa.

Wako somo