Historia ya shule: vya kuleta Nansio Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Ubao wa historia ya shule yetu hapa Ukerewe tunaanza kuupanga Jumamosi.

Picha ndizo zinazoharibika haraka, kwa hiyo tuanze nazo. Nyuma ya picha usiandike kwa wino, maana unyevu huuvujisha hadi mbele. Tumia penseli laini, majina kuanzia kushoto. Iliyoganda kwenye albamu usiibandue. Tutaipiga picha hapo hapo karibu na dirisha, bila flashi.

Mwaka usipojulikana, tuubane kwa matukio: Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoiwezesha serikali kuchukua shule za misheni; Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa watoto wote; ada kufutwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016. Kumbukumbu za wazee wetu ni tamu, ila miaka huchanganywa sana. Daftari la uandikishaji ndilo mwamuzi.

Maisha ya wanafunzi yasiishie paredi na ugali wa bwaloni (ule wa kuungua umeshasimuliwa vya kutosha). Andikeni foleni ya kuchota maji ziwani, na sababu ya walezi kukataza kuoga ufukweni: kichocho hupatikana kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, na vijidudu vyake hupenya ngozi.

Wanaotoka Mwanza: meli hadi Nansio, au basi kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha pantoni ya Rugezi. Wa Kisorya wawahi, foleni ya magari huwa ndefu. Albamu ziwe ndani ya ndoo yenye mfuniko.