Muulize daktari kabla ya kidonge cha kwanza

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Huku hatujambo, ini langu limetulia, Salim na wadogo zake wanakua. Kimya changu cha miezi yote hii nitakieleza tukionana. Leo nina jambo moja, maana ujumbe wako wa juzi usiku umeninyima usingizi.

Uliandika mambo mawili. Kwamba daktari anataka kukuanzishia azathioprini, ile dawa ya kutuliza kinga, kwa ajili ya figo, na kwamba unataka Rehema apimwe vinasaba ujue kama umemrithisha binti yako lupasi, huo ugonjwa wako ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe. La kwanza umelitaja kwa mstari mmoja, la pili umeliandika mpaka nikahisi unalia. Mwenzangu, lenye haraka ni hilo la mstari mmoja. Kabla hujameza kidonge cha kwanza, muulize daktari: "Nimepimwa TPMT?" Ni kipimo cha kuonyesha kama mwili wako unaweza kuihimili dawa hiyo. Liandike swali hilo kwenye karatasi uende nalo mkononi.

Mimi nilipoanzishiwa dawa hiyohiyo kwa ajili ya ini hakuna aliyenipima. Nilipewa dozi kamili, nikaambiwa nirudi baada ya miezi miwili. Wiki ya tatu mdomo ukaanza kuwaka. Asubuhi moja nilisimama mbele ya kioo na mswaki mkononi, nikafunua mdomo wa chini, nikaona vidonda vyeupe vimejipanga hadi kwenye ufizi. Mswaki nikaurudisha mahali pake. Jioni homa, usiku nikatetemeka, Baba Salim akanifunika mablanketi mawili na meno bado yanagongana. Damu ilipopimwa, chembe nyeupe zilikuwa zimeporomoka. Daktari wa zamu aliitazama ile karatasi, akaiweka mezani, akaichukua tena, kisha akauliza taratibu, "Hii dawa ulianza lini?" Nililazwa siku 11 kwenye chumba cha peke yangu, Salim akinipungia mkono nje ya kioo cha mlango. Ndipo wakapima jeni. Jibu likaja kwamba nakala yangu moja ya TPMT ni dhaifu. Leo natumia dawa ileile kwa nusu ya dozi, na ini limetulia. Kipimo kile kingefanywa mwanzoni, zile siku 11 zisingekuwepo.

Nilivyoelezwa ni hivi. Jeni ya TPMT inatengeneza kimeng'enya kinachosaidia mwili kuivunja dawa hiyo. Kila mtu ana nakala mbili, ya mama na ya baba. Zote zikiwa nzima, dawa inapungua mwilini inavyotakiwa. Moja ikiwa dhaifu, dawa inalimbikizana, na daktari huanza na dozi ndogo. Zote mbili zikiwa dhaifu, dozi ya kawaida inaweza kuuzima uboho unaotengeneza damu, na kwa ugonjwa kama wako mtu huyo kwa kawaida hutafutiwa dawa nyingine. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, ambao ndio wamechunguzwa sana, wenye nakala mbili dhaifu ni kama 1 kati ya 300, na wenye moja, kama mimi, ni kama 1 kati ya 10. Mmoja kati ya kumi si mchache! Ipo pia jeni iitwayo NUDT15, ambayo udhaifu wake huonekana zaidi kwa watu wa Asia Mashariki. Maabara ikiweza zote mbili, zipimwe zote.

Halafu wewe si uliongezewa damu mwezi uliopita? Hapo pana mtego. TPMT hupimwa kwa njia mbili: kupima nguvu ya kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu, au kusoma jeni yenyewe. Ukiwa bado unatembea na chembe nyekundu za aliyekuchangia damu, njia ya kwanza inaweza kukuletea majibu ya mtu mwingine. Waambie umeongezewa damu, na omba isomwe jeni. Na hata majibu yakija mazuri, usikubali kukaa miezi miwili bila kupimwa wingi wa chembe za damu kama nilivyokaa mimi, kwa sababu wapo wenye jeni nzima ambao chembe zao zilishuka vilevile. Na mtu yeyote asikupe alopurinoli ya jongo bila daktari wako kujua. Dawa hizo mbili zikikutana, azathioprini inapanda mwilini kwa hatari.

Sasa Rehema.

Umeandika, "Nimemtia sumu kwenye damu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma nakukatalia. Hakuna jeni moja ya lupasi ambayo atapimwa wakuambie anayo au hana. Zimeshatambuliwa sehemu zaidi ya 100 za vinasaba zinazohusishwa na ugonjwa huu, kila moja inasukuma kidogo, na wanaozibeba bila kuugua hawahesabiki. Fikiria pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Mmoja akiugua lupasi, pacha mwenzake naye huugua katika kama jozi 1 kati ya 4. Jozi 3 zilizobaki, mmoja anaugua na mwenzake yupo mzima. Na Rehema si pacha wako, amechukua nusu yako tu. Ipo kweli lupasi adimu ya jeni moja, kama ya wanaozaliwa bila protini ya kinga iitwayo C1q, lakini hiyo huwaanza wakiwa wadogo sana, na hapo daktari wa watoto ana sababu ya kusoma vinasaba. Rehema ana miaka 13, hana upele, haumwi viungo, hana lolote. Kipimo kitakupa asilimia ya kukutisha na hakitakupa dawa ya kumpa. Tena hesabu nyingi za hatari hizo zimetokana na utafiti wa watu wenye asili ya Ulaya, na kwa wengine hazitabiri vizuri.

Unamkumbuka mdogo wangu na kile kichupa cha mate alichotuma kupimwa vinasaba? Alitumiwa majibu kwenye simu kwamba ana DQ2, jeni inayohusishwa na silia, ule ugonjwa ambao ngano inaamsha kinga na kuuharibu utumbo. Alilia siku nzima. Siku ileile akaacha ngano bila kumwambia daktari. Wenye DQ2 au mwenzake DQ8 ni kama watu 3 hadi 4 kati ya 10, wanaougua silia ni kama 1 kati ya 100! Alipokwenda kupimwa damu kwa hakika yake, akaambiwa kipimo hakiwezi kuaminika kwa sababu ameshaacha ngano, inabidi airudie kwa wiki kadhaa kwanza. Kipimo hicho cha jeni kina faida kubwa pale kinaposema hapana: asiye na DQ2 wala DQ8 karibu haiwezekani awe na silia. Kikisema ndiyo, hakijakuambia kitu. Namhurumia mpaka leo, aliteseka kwa jambo lisilokuwepo.

Jingine ni kwamba vinasaba vya mtoto vikishatoka havirudi. Mwaka 2023 wezi waliingia kwenye akaunti za wateja wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba, wakapata taarifa za watu wapatao milioni 6.9, na Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nywila unaweza kuibadilisha, vinasaba huwezi. Rehema akifika utu uzima akataka kujua, ataamua mwenyewe, na pengine sayansi itakuwa na jibu zuri kuliko la leo.

Na tafadhali, ile ANA uliyosema Rehema apimwe si kipimo cha vinasaba. Ile inatafuta kingamwili zinazoulenga mwili wenyewe zilizopo kwenye damu kwa sasa. Hata kati ya watu wazima wa afya, kama 1 kati ya 20 huonekana nayo kwa kiwango cha 1:160, yaani hata sampuli ikizimuliwa mara 160, kwa hiyo usimpeleke Rehema akapimwe ovyo ukaanza kulia upya. Mwangalie kama mama. Upele usoni baada ya jua, vidole kuvimba na kukakamaa asubuhi, uchovu usioisha kwa usingizi, mkojo wenye povu: ukiona hayo, nenda naye, sema kwamba mama yake ana lupasi. Historia hiyo ya familia unayo mdomoni tayari, na daktari ataitumia.

Nimesema mengi, bado moyo unarudi kwenye kile kidonge. Najua unaogopa figo kuliko chochote, na dawa hii ni nzuri, sikukatazi. Daktari akisema haiwezi kungoja majibu ya maabara, mwombe aanze na dozi ndogo na akupime damu kila wiki. Kama alishapima na hakukuambia, basi nitafurahi kwamba nimekusumbua bure.

Sasa nijibu. Dawa umeshachukua au bado? Kama umeanza, ni siku ya ngapi leo, na una homa, vidonda mdomoni, michubuko usiyojua imetoka wapi? Ukiwa na hata kimoja, usingoje kunijibu, nenda leo. Protini kwenye mkojo imefika ngapi? Haidroksiklorokwini, ile dawa yako ya lupasi, bado unatumia au uliiacha tena? Kingamwili ya anti-Ro walikupima? Nauliza kwa sababu ulisema mna hamu ya mtoto mwingine, na kingamwili hiyo inaweza kugusa moyo wa mtoto akiwa tumboni, kwa hiyo ni vizuri wajue mapema. Azathioprini yenyewe hutumika hata kwenye ujauzito, lakini maikofenoleti, dawa nyingine ya figo za lupasi, haifai kabisa. Daktari anajua kuhusu mpango wenu? Na Rehema, umemwambia nini hasa? Anajua unaumwa, au anasikia tu minong'ono nyuma ya mlango? Shemeji anasemaje?

Anza na la TPMT, mengine yafuate hata kesho. Nikiona kimya hadi Alhamisi nitakupigia, na kama hupokei nitampigia Mama Tumu aje agonge mlango.

Nakupenda sana,
Mama Salim