Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani: mpaka tushtakiwe ndo mtuelewe?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, salamu.

Najua barua nyingi unazopata zinaandikwa na mawakili. Hii sio ya wakili, ni ya mtu anayekaa huduma kwa wateja kwenye kampuni ndogo ya kusajili domeini (majina ya tovuti), na swali ambalo siishi kuulizwa ni moja tu: jina langu na namba yangu ya simu mnazipeleka wapi?

Jibu fupi sina. Mkataba wenu na sisi wasajili unatuambia kusanya taarifa za mwenye domeini, tunza, mpe anayestahili, alafu sheria ya faragha inasema usikusanye usichokihitaji na usikitunze kupita muda wake. Pale zinapogongana tukifuata mkataba serikali inatupiga faini, tukifuata sheria nyie mnaweza kutufutia kibali, sasa chagua kifo.

Mtasema mna utaratibu wa kushughulikia migongano hiyo. Upo kweli, tangu Januari 2008, na nimeusoma mara mbili maana mara ya kwanza nilidhani sijaelewa. Ili msajili apewe ahueni ilibidi kwanza awe ameshajulishwa kwamba anachunguzwa, ana kesi, au amechukuliwa hatua fulani kwasababu ya WHOIS, ile orodha ya taarifa za wenye domeini. Yaani nyumba ianze kuungua ndo uruhusiwe kwenda kuchota maji! 2017 mkaongeza mlango wa pili, kwamba taasisi ya serikali inayosimamia faragha iandike kuwa kipengele fulani kinagongana na sheria ya nchi. Afadhali kidogo, ila hebu kaeni kwenye kiti cha hiyo taasisi, ina malalamiko ya mabenki na mahospitali na kampuni za simu mpaka shingoni, leo iache hayo iandike barua kwenda kwenu California kuhusu mkataba ambao yenyewe haijausaini, kisa kampuni ya watu sita?

Na kusubiri moto ndo tabia yenu, samahani kusema. GDPR, sheria ya faragha ya Ulaya, ilipitishwa 2016 na ikatoa miaka miwili ya kujiandaa. Nyie masharti yenu ya muda mliyapitisha tarehe 17 Mei 2018, siku nane kabla sheria haijaanza kutumika. Alafu siku ileile inaanza, Mei 25, mkampeleka EPAG, msajili wa Ujerumani, mahakamani Bonn kwa kukataa kukusanya taarifa za mtu wa utawala na mtu wa ufundi wa kuwasiliana nao, mbali na mwenye domeini. Mahakama ikawakatalia, ikasema hamjaonyesha kwanini hizo za ziada ni za lazima. Na sera mpya iliyoanza rasmi Agosti 21, 2025 yenyewe imemuondoa yule mtu wa utawala. Miaka saba kufika pale alipokuwa amesimama mliyemshtaki.

Sisemi kila kitu kifichwe. Wanaofukuzia matapeli wa mtandaoni wanahitaji kujua nani yuko nyuma ya domeini fulani, na wana haki hiyo wakileta sababu ya maana, mimi mwenyewe nikiona tovuti feki ya benki natamani niipate namba ya mwenye nayo nimpigie usiku. Hilo ni suala la nani apewe nini, hakuna anayelikataa.

Ninachoomba ni kidogo na sio kigeni kwenu. Kwenye muda wa kutunza data, mkataba wa 2013 ulishakubali msajili alete maoni ya kisheria ya maandishi kutoka kampuni ya mawakili inayotambulika nchini, au mwongozo wa chombo cha serikali, na nchi ambayo mmoja alishapewa msamaha, mwenzake anaweza kuomba uleule. Hakuna kusubiri kuchunguzwa wala kesi. Sasa kama karatasi ya wakili inatosha kwenye kutunza, kwanini isitoshe kwenye kukusanya na kuonyesha? Chukueni kipengele hicho mkihamishie kwenye ule utaratibu wa migongano, wekeni na muda wa kujibu, tuseme siku 60, na mkikaa kimya ihesabike mmekubali.

Hiyo ya kimya najua mtaipinga. Basi punguzeni, wekeni 90, ila iwepo tarehe, maana mteja akipiga simu kesho nataka nimtajie siku.

Wako,
mtu wa dawatini